Nozeli inajikata, petroli inarudi nje, tanki halijai: shida za kujaza mafuta kwenye gari ya klasiki

Kama una gari ya miaka ya 60 au 70 na kila ukifika sheli ni mapambano, nozeli inajikata kila baada ya nusu lita, au petroli inakurukia mkononi, au unajaza taratibu mpaka walio nyuma yako wanaanza kupiga honi, basi soma hii kabla hujaenda kutafuta tanki jipya. Malalamiko haya yanajirudia sana kwa wenye gari za zamani na mara nyingi tanki lenyewe halina kosa lolote. Shida ni hewa.

Tanki tupu halipo tupu, limejaa hewa na mvuke wa petroli, na kila lita inayoingia inataka lita moja ya hewa itoke wakati huo huo. Mimina maji kwa nguvu kwenye chupa ya shingo nyembamba utaona, yanagoma na kurudi juu kwa sababu hewa na maji vinagombania mlango mmoja. Ndo maana gari nyingi zina paipu ya pili, nyembamba, inayotoka juu ya tanki na kupanda hadi karibu na mdomo wa kujazia. Kazi yake ni kutoa hewa tu. Mimi kila nikiulizwa kuhusu tanki linalogoma naanza na hiyo paipu, na ningependa na wewe uanze hapo.

Kitu cha pili cha kuelewa ni nozeli yenyewe. Karibu na ncha yake kuna kitundu kidogo. Petroli ikipita kwa kasi ndani ya nozeli inavuta hewa kupitia kile kitundu, sasa kikizibwa na petroli au povu, mvuto unapanda ghafla ndani na kiwambo kinafyatua swichi. Kwa hiyo nozeli haijui kama tanki limejaa, inajua tu kwamba kitundu kimeziba. Alafu pampu za siku hizi zina kasi kubwa, kwa mfano Marekani kikomo cha kisheria ni galoni 10 kwa dakika, kama lita 38 hivi, na shingo za kujazia (bomba la kutoka mdomoni hadi tanki) za gari nyingi za zamani hazikuchorwa kwa mwendo huo.

Kabla hujagusa kitu

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini na kusafiri sakafuni kimya kimya, na petroli inatoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Fanyia kazi nje, sio juu ya shimo la gereji na sio kwenye chumba chenye jiko au hita. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kufungua hosi yoyote. Tumia tochi ndogo ya betri na uiwashe ukiwa mbali, achana na balbu ya waya inayoning'inizwa, ikianguka ikapasuka ndo mwisho wa gari na pengine wa mtu. Vipimo vya hapa chini vifanye tanki likiwa chini ya nusu, isipokuwa pale nitakapokwambia vingine.

Nozeli inajikata kila saa wakati tanki bado lina nafasi

Hii ndo inayoripotiwa kuliko zote. Anza na kitu cha bure. Geuza nozeli robo mzunguko, au hata kichwa chini miguu juu, ivute nje kama sentimita 3 mpaka 5, na tumia kasi ya chini kabisa. Kama hapo inaingia vizuri basi unajua kitundu kilikuwa kinapigwa na petroli inayogonga kona ya shingo, na kwa gari nyingine hali ndo hiyo tangu zitoke kiwandani, unaishi nayo tu. Jaribu pia pampu nyingine, nozeli zenyewe nazo zinachoka na kuwa nyepesi kufyatuka.

Ikiendelea hivyo hivyo pampu zote, jiulize swali moja: ilianza lini? Kama ilianza baada ya tanki kushushwa, au gari kutoka kupigwa rangi, au hosi kubadilishwa, basi asilimia kubwa ni paipu ya hewa imebanwa au imekunjika wakati wa kurudisha. Kwenye Land Rover za Series zenye tanki chini ya kiti kuna hosi nene ya kujazia na hosi nyembamba ya hewa zinaenda pamoja, na ile nyembamba ikikatwa ndefu kidogo tu inapiga kona na kujifunga. Fungua upate kuiona yote, mwanzo hadi mwisho, usiguse kipande kimoja ukasema ipo sawa.

Angalia pia kama inalegea katikati na kutengeneza tumbo. Hosi ya hewa inatakiwa ipande muda wote kutoka kwenye tanki kwenda juu. Ikiwa na sehemu iliyoshuka, petroli kidogo inabaki pale na kufunga njia kabisa, na hii inasumbua watu kwa sababu ukiishika hosi ipo laini, haijakunjika, haijaziba, ila gari inagoma. Wengine wanasema leo inajaza vizuri kesho inagoma. Ni lile tumbo, siku nyingine limekauka siku nyingine lina petroli.

Sasa mpira wenyewe. Hosi za zamani hazikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye mafuta, zinavimba kwa ndani huku nje zinang'aa kama mpya. Usiamini macho. Ivue, ikate ncha kidogo, angalia tundu limebaki ukubwa gani. Na wapo mafundi wanaoweka hosi ya maji ya hita kwa sababu kipenyo kinafanana, hiyo inavimba na kulainika ndani ya muda mfupi, itoe. Tafuta hosi ya mafuta iliyoandikwa ubavuni SAE J30R9 au daraja la juu yake, na klipu usikaze mpaka mpira unakatika.

Kupima kama njia ipo wazi: chomoa ncha ya juu ya hosi ya hewa, fungua mfuniko wa tanki, alafu pampu ya baiskeli ya mkono, taratibu sana, huku ukisikiliza kwenye mdomo wa kujazia. Unatakiwa usikie hewa inapita bila upinzani wowote. Usipulize kwa mdomo, mvuke na petroli vikikurudia mapafuni ni hatari kubwa. Na kompresa hapana, hapana kabisa. Tanki ni bati tu. Chukua upande wa tanki wenye sentimita 50 kwa 80, presha ya 0.1 bar tu, ambayo kwenye geji ya kompresa hata huioni, inausukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 400 hivi. Tanki linafura, mishono inaachia.

Kama hosi ni nzima na hewa bado haipiti, kizuizi kipo kwenye kibomba cha bati juu ya tanki. Hapo kuna wahalifu watatu. Wa kwanza ni kutu. Wa pili ni ile dawa ya kupaka ndani ya tanki kuzuia kutu, ikimiminwa bila kuzuia kibomba cha hewa inaingia na kukauka mle mle, kwa hiyo kama tanki lako lilipakwa na shida ikaanza baada ya hapo umeshapata jibu. Wa tatu ni nyigu, kwa gari iliyokaa muda mrefu yenye paipu ya hewa inayoishia nje chini ya bodi, wanajenga udongo ndani unakuwa mgumu kama saruji. Kutu laini na udongo unaweza kutoa kwa waya laini wa shaba, kwa mkono, pole pole. Dawa iliyokauka inataka tanki lishuke. Usiingize drili, hata kama unaona ni milimita chache tu.

Petroli inaruka nje ghafla

Hii inafanana na ya juu ila hapa nozeli haiwahi kujikata, petroli inapanda kwenye shingo kwa kishindo na kumwagika. Sababu ya kwanza bado ni kasi, punguza. Ya pili bado ni paipu ya hewa, pima kama hapo juu. Baada ya hapo ndo ugeukie hosi nene ya kujazia, ile inayounganisha shingo na tanki. Mpira wa zamani tabaka la ndani linaachana na la nje na kuning'inia kama ulimi, petroli ikipita kwa kasi ule ulimi unainuka na kufunga njia. Ukitazama kutoka nje huoni kitu. Lazima uitoe, uingize kidole ndani, ukisikia kipande kinacheza au mpira unanata kama lami, itupe.

Angalia na jinsi gari ilivyosimama. Ukipaki upande wa mdomo wa kujazia ukiwa chini, au springi za nyuma zimelala upande mmoja, unakuwa umeondoa ule mteremko mdogo ambao petroli ilikuwa inautegemea. Simamisha sehemu tambarare, ujaribu tena.

Kwa Volkswagen Beetle za mpaka mwaka wa modeli 1967 mfuniko wa tanki upo chini ya boneti ya mbele, shingo ni fupi na tanki lipo pale pale, kwa hiyo povu likipanda halina pa kupita isipokuwa kukutokea usoni. Hizo jaza kwa macho, usitegemee nozeli ikwambie. Kuanzia modeli ya 1968 mdomo ulihamia nje ubavuni na ndipo hosi ndefu zaidi zikaingia kwenye hesabu.

Gari zilizotengenezwa kwa petroli isiyo na madini ya risasi, za Marekani hasa kuanzia 1975, zina kitundu chembamba na kimlango ndani ya shingo. Nozeli ya petroli isiyo na risasi ina kipenyo cha milimita 21 hivi. Nozeli isipozama mpaka ikasukuma kile kimlango, petroli inapiga ukuta na kurudi. Isukume ndani vizuri kwanza, alafu rudisha nyuma kidogo tu. Kimlango kikiwa kimekwama kwa kutu, toa shingo yote nje ya gari ukirekebishie mezani.

Ikimwagika: usiwashe injini. Sukuma gari pembeni, mwambie mhudumu wa sheli, mwagia maji mengi kwenye rangi kabla haijaharibika, usubiri harufu iishe.

Inaingia, ila pole pole sana

Njia ya hewa imeziba nusu, haijafa kabisa. Rudia vipimo vile vile. Nyongeza ni kichujio cha wavu ndani ya shingo, kipo kwenye baadhi ya gari za kazi, kikijaa uchafu na nyuzi za kitambaa kinapunguza mwendo. Kivute nje, kisafishe, rudisha.

Watu wanaruka haraka kulaumu kopo la mkaa kwenye gari za kuanzia miaka ya 70, lile linalonyonya mvuke wa tanki. Kwenye mifumo ya enzi hizo kopo linahudumia tanki likiwa limetulia au gari ikitembea, hewa nyingi ya wakati wa kujaza inatokea mdomoni pale pale, kwa hiyo kama tatizo lako ni kujaza usianzie kwenye kopo. Lakini lina uhusiano wa upande mwingine: ile tabia ya nozeli ikishajikata unaongeza mara ya pili, ya tatu, ya nne ili hesabu iwe namba kamili, inasukuma petroli ya maji maji kwenye mkaa. Mkaa ukilowa, injini inavuta mvuke mwingi kupita kiasi na inakuwa ngumu kuwaka ukitoka tu kujaza. Nozeli ikijikata mara ya kwanza ikiwa tanki limeshajaa, acha hapo.

Kitabu kinasema lita 45, linachukua 30 tu

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba tanki halikuwa tupu, geji inadanganya. Boya la geji ndani ya tanki linakwama, au tanki limepakwa rangi kila mahali mpaka pale lilipokuwa linashika bodi, kipimo kikakosa atha (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), sindano ikaganda upande mmoja. Kabla ya kingine chochote safisha sehemu ya atha, angalia geji inasema nini. Kujua ukweli kabisa ni kumwaga mafuta yote kwenye madumu ya chuma yaliyokaa chini ardhini, alafu kurudisha kwa kipimo.

Pia kuna nafasi ambayo imeachwa kwa makusudi. Petroli inatanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo lita 50 baridi kutoka tanki la chini ya ardhi zikipata joto nyuzi 20 zaidi juani zinataka nafasi ya karibu lita nzima. Ukilazimisha mpaka mdomoni, ile lita itatoka tu, chini ya gari yako.

Kwenye Jaguar XJ za zamani kuna matanki mawili, kila upande na mfuniko wake, na swichi ya kuhama. Aliyenunua juzi anajaza moja anashangaa nusu ya mafuta imeenda wapi.

Ila kuna sababu moja ambayo inataka uangalifu, tanki lililojikunja. Zipo gari ambazo hewa ya kufidia mafuta yanayotumika inaingia kupitia mfuniko, mfuniko una kitundu, na zipo ambazo mfuniko umefunga kabisa na hewa inapita kwenye mabomba. Mtu ananunua mfuniko unaofanana kwa nyuzi lakini hauna kitundu, au anaziba mabomba ya kopo la mkaa akiona hayana kazi. Pampu ya mafuta inavuta, hewa haiingii, tanki linabonyea ndani taratibu. Dalili ni mbili: ukifungua mfuniko baada ya safari unasikia fwaaa ndefu ya hewa kuingia, na injini inazima njiani kwa kukosa mafuta alafu ukifungua mfuniko inawaka kama haijatokea kitu. Jaribio ni kutembea karibu mfuniko ukiwa umelegezwa tu, haujatolewa, tanki likiwa nusu. Ikipona, badilisha mfuniko uwe wa aina sahihi au fungua njia iliyozibwa. Usitoboe mfuniko, gari ikipinduka hicho kitundu ndo kitamwaga.

Bati lililobonyezwa na jeki nalo linapunguza lita. Likiwa na ubonyeo mpana usio na ufa linaweza kuendelea, lakini likiwa limekunjwa kwenye kona kali kutu itaanzia hapo.

Harufu au matone, ila tu ukijaza full

Jaza robo tatu tu kwa wiki kadhaa. Harufu ikiisha, tatizo lipo juu ya ule usawa: mpira wa mfuniko, klipu za shingo, hosi ya hewa iliyopasuka, gasketi ya kipimo cha geji, au bati la juu la tanki. Hili la mwisho linasahaulika sana. Watu wanalala chini na kuangalia tumbo la tanki, kumbe matope na maji yanakaa juu, kati ya tanki na sakafu ya gari, na kutu inakula kuanzia kule ambako hakuna jicho linafika. Futa kila kiungo kikauke, zungushia karatasi nyeupe, jaza, subiri dakika kumi, angalia karatasi ipi imelowa.

Gari zenye tanki ndani ya buti, kama Mini za zamani, harufu hiyo unaipumua wewe na watoto wako nyuma. Hapo hakuna kusema nitaangalia mwisho wa wiki. Na popote ukiona tone linaloanguka, sio unyevu bali tone, gari isitembee na isilale kwenye gereji iliyofungwa.

Hapa simama, ita fundi

Ufa wowote kwenye bati, mshono ulioachia, kutu iliyotoboka, au kibomba cha hewa kilichozibwa na dawa ndani ya tanki. Achana na gundi za dharura kama suluhisho la kudumu, na tafadhali sana usichomelee tanki nyumbani hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Tanki tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli unalipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na tanki lililomwagwa ndo linafika hapo. Kulisuuza kwa maji na sabuni hakutoshi, petroli inajificha kwenye mishono na chini ya magamba ya kutu, moto wa kuchomelea unaifukuza itoke. Mpe anayefanya matanki kila siku, mwenye mvuke wa moto au gesi isiyowaka ya kujazia ndani, na muulize anasafishaje kabla hujamwachia. Akikujibu anasuuza tu, ondoka na tanki lako.

Mwambie pia akirudisha shingo aangalie kama kulikuwa na waya mdogo kutoka kwenye shingo kwenda kwenye bodi. Shingo ya chuma ikiwa imeshikwa na mpira peke yake inaweza kubeba umeme tuli wakati wa kujaza, na ule waya ndo unaoutoa. Unapotea sana kwenye gari zilizofanyiwa bodi. Kama boliti yake ipo wazi na ina rangi juu yake, kwangua mpaka chuma kionekane, ufunge waya mpya.

Ukishamaliza yote usiende kujaza full siku hiyo hiyo. Weka lita 10 kwa kasi ndogo, pita chini na tochi, ongeza mpaka nusu, pita tena. Mara ya tatu ndo uende mpaka nozeli ijikate yenyewe, alafu uiache gari juani saa moja na karatasi kavu chini ya viungo vyote ulivyofungua.